Maswali ya Wasomaji: Programu Ikikwama, Niripoti Hitilafu au Niombe Msaada?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti. Programu inapofanya kinyume na matarajio ya mtumiaji, je, awaandikie walioitengeneza taarifa ya hitilafu, ile ambayo mafundi huiita bagi, au aombe msaada kwa watu wanaoifahamu programu hiyo? Nimechagua barua tano ambazo, zikisomwa kwa pamoja, zinaonyesha mahali ambapo njia hizo mbili zinatengana. Majina ya waandishi yameachwa.

Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mweka hazina wa chama cha akiba na mikopo. Kila mwezi napokea orodha ya wanachama na marejesho yao katika faili la CSV, yaani faili la maandishi matupu ambamo kila safu hutenganishwa na nyingine kwa alama ya mkato. Nikilifungua kwa programu ya lahajedwali, yaani ya majedwali ya hesabu, namba zote za simu hupoteza sifuri ya mwanzo, tarehe 3 Aprili hugeuka kuwa tarehe 4 Machi, na namba za kitambulisho cha taifa huishia na msururu wa sifuri. Niliwaandikia watengenezaji taarifa ndefu yenye uchungu mwingi. Siku ya pili waliifunga na kusema kwamba hiyo si hitilafu. Je, kupotea kwa namba ya mwanachama si hitilafu? *Mweka hazina, Mbeya*

Ndugu mweka hazina, hasara uliyoipata ni ya kweli, kwa maana mwanachama ambaye namba yake imeharibika hatapata ujumbe wa kukumbushwa deni, na kesho lawama itakuangukia wewe. Hata hivyo, kwa wanaotengeneza programu neno hitilafu lina maana finyu kuliko tunayoipa katika mazungumzo ya kila siku. Kwao hitilafu ni pale programu inapofanya jambo tofauti na lile ililokusudiwa kufanya, na mambo yote matatu uliyoyataja, ingawa yamekudhuru, yalitokea kwa sababu programu ilifanya kile hasa ilichoundwa kufanya.

Lahajedwali iliundwa kwa ajili ya hesabu. Inapokutana na tarakimu tupu huzichukulia kuwa ni kiasi, na kiasi hakiandikwi kwa kuanza na sifuri, kwa hiyo sifuri ya namba ya simu huondolewa. Tarehe husomwa kwa kufuata nchi iliyochaguliwa katika mipangilio, na kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu hufika zikiwa zimepangwa kwa Kiingereza cha Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Ndiyo maana 03/04 ikawa Machi badala ya Aprili. Namba ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania ina tarakimu 20, ilhali lahajedwali huhifadhi namba kwa utaratibu wa IEEE 754, uliowekwa mwaka 1985, ambao katika ukubwa unaotumika huko hubeba kwa uhakika tarakimu 15 tu. Zinazozidi hapo hupotea na nafasi zake kujazwa sifuri.

Dawa yake ni kutolifungua faili hilo kwa kulibofya mara mbili na kuiacha programu ikisie yenyewe. Katika LibreOffice, kwa mfano, faili la CSV linapofunguliwa hutokea dirisha linaloonyesha safu zote. Chagua safu ya simu na ya vitambulisho, uzipe aina ya maandishi, kisha safu ya tarehe uipe mpangilio wa siku, mwezi na mwaka. Anayetumia Excel aingize faili kupitia menyu ya Data na afanye uchaguzi huo huo. Nakuomba pia uzingatie jambo moja: ikiwa uliwahi kuhifadhi faili baada ya tarakimu kupotea, hakuna mpangilio utakaozirudisha, kwa hiyo itakubidi urudi kwenye faili la asili.

Sasa nije kwenye jibu lililokuudhi. Hukutaja programu yako, basi nitaeleza utaratibu wa LibreOffice kwa sababu unafanyika hadharani na kila mtu anaweza kuusoma. Mradi huo ulizaliwa mwaka 2010 ulipojitenga na OpenOffice.org, na unasimamiwa na taasisi iitwayo The Document Foundation. Taarifa mpya ya hitilafu huingia ikiwa na alama ya kutothibitishwa, na hubaki hivyo mpaka mtu mwingine, aghalabu mtu wa kujitolea, afuate hatua ulizoandika kwenye kompyuta yake mwenyewe na kuona ulichokiona. Akikwama kwa kukosa maelezo, taarifa hurudishwa kwako. Akigundua kwamba programu imefanya ilivyokusudiwa, huifunga kwa alama ya kuwa si hitilafu. Alama hiyo haimaanishi kwamba umedanganya wala kwamba shida yako ni ndogo. Inamaanisha kwamba hakuna kosa la kusahihishwa katika msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, na kwamba saa moja ya mtu huyo ingetumika vizuri zaidi kwenye kosa lililopo kweli. Swali lako lilikuwa “nifanyeje ili namba zibaki kama zilivyo?”, na swali la namna hiyo lina mahali pake, yaani ukumbi wa msaada, ambako wapo watu wanaopenda kulijibu na ambao wangekujibu kwa dakika chache.

Wala usidhani kwamba jambo lililoitwa “si hitilafu” halibadiliki kamwe. Kwa miaka mingi watafiti wa jenetiki walilalamika kwamba Excel ilikuwa ikigeuza majina ya jeni kuwa tarehe: jeni iliyoitwa SEPT1 ilisomwa kuwa tarehe 1 Septemba, na MARCH1 kuwa tarehe 1 Machi. Programu ilikuwa ikifanya ilivyokusudiwa, lakini makusudio yenyewe yalikuwa yakiharibu kazi za kisayansi. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa ya majina ya jeni za binadamu, HGNC, ilitangaza kwamba majina hayo yamebadilishwa kuwa SEPTIN1 na MARCHF1, na mwaka 2023 Microsoft iliongeza mpangilio wa kuzima ugeuzaji huo, ukiwamo ule wa kuondoa sifuri za mwanzo unaokusumbua wewe. Malalamiko ya aina hii huitwa ombi la uboreshaji. Hupelekwa kwa watengenezaji, ila huandikwa kwa lugha nyingine: huwaambii kwamba wamekosea, unawaeleza kazi unayoifanya na jinsi uamuzi wao unavyoizuia. Ungeanza hivyo, naamini ungesikilizwa.

Mhariri mpendwa, mimi ni karani wa takwimu katika zahanati. Fomu ya mtandaoni ya taarifa ya kila mwezi haina nafasi ya dawa tulizoanza kupokea mwaka huu, na jumla inayotolewa chini haiwiani na rejista yetu. Kijana mmoja anayejua kompyuta ameniambia niwaandikie watengenezaji huko Ulaya. Ni sawa? *Karani, Kilifi*

Ndugu karani, usiwaandikie kwanza. Mifumo ya takwimu za afya ya nchi nyingi, Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda zikiwamo, imejengwa juu ya DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Wanaoitengeneza hawaamui ni dawa zipi ziwemo katika fomu ya zahanati yako. Wao hutoa programu, kisha wataalamu wa wizara katika kila nchi hutengeneza fomu, orodha za vituo na kanuni za kujumlisha. Kwa hiyo kati yako na msimbo kuna watu wengine, na karibu kila kinachohusu maudhui ya fomu kimo mikononi mwao. Nafasi ya dawa iliyokosekana ni jambo la kumpelekea afisa wa kumbukumbu za afya wa kaunti ndogo, naye alifikishe wizarani.

Kuhusu jumla, chukua karatasi ujumlishe kwa mkono safu moja baada ya nyingine mpaka uone ni ipi inayoachwa. Ukimpelekea afisa wako sentensi moja inayosema kwamba safu ya nne haijumlishwi, umemwokolea siku nzima, ilhali ukimwambia tu kwamba mfumo ni mbovu, hana pa kuanzia. Yeye na wenzake wakithibitisha kwamba kanuni yao ni sahihi na bado jumla haitoki sawasawa, hapo ndipo taarifa ya hitilafu itakapokwenda Oslo, tena ikiwa imeandikwa na watu wanaoweza kujibu maswali ya kiufundi. Na kabla ya kutuma picha ya skrini kwa yeyote, hakikisha haionyeshi jina la mgonjwa.

Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta. Kivinjari changu hujifunga chenyewe kila nikifungua ukurasa fulani wenye ramani. Nataka kuripoti, ila wenzangu wanasema tatizo ni uzee wa kompyuta yangu, na Kiingereza changu ni cha kubabaisha. Naogopa kuonekana mjinga mbele ya watu wa mataifa yote. *Mwanafunzi, Dodoma*

Mwanangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote, kwa sababu imebeba neno ambalo wanaoripoti hulisahau mara nyingi: “kila”. Hitilafu inayorudi kila unapofuata hatua zile zile ni hitilafu inayoweza kutafutwa na kupatikana. Uzee wa kompyuta nao si hoja ya kukunyamazisha. Programu inayodai kufanya kazi kwenye mashine ya aina yako haina ruhusa ya kujifunga yenyewe, na ukweli ni kwamba hitilafu nyingi za mashine dhaifu na mtandao wa kusuasua hazionekani kabisa katika ofisi za watengenezaji, ambako mashine ni mpya na mtandao ni wa kasi.

Lakini kabla ya kuripoti, jitoe wewe mwenyewe katika orodha ya washukiwa. Sasisha kivinjari hadi toleo la karibuni, kwa kuwa huenda kosa limekwisha kurekebishwa. Kisha kifungue bila viendelezi, yaani programu ndogo za nyongeza, ulivyojiwekea. Firefox, kwa mfano, ina hali ya utatuzi katika menyu ya Msaada inayovizima vyote kwa muda. Kujifunga kukikoma, mkosaji ni kiendelezi, na taarifa yako inapaswa kwenda kwa aliyekitengeneza. Kukiendelea, mwombe mwenzako afungue ukurasa huo huo kwenye kompyuta yake. Katika Firefox, ukiandika about:crashes mahali pa anwani utaona orodha ya taarifa za kuanguka kwa kivinjari zilizokwisha kutumwa, kila moja na namba yake. Namba hiyo ina thamani kuliko kurasa tatu za maelezo, kwa sababu humwonyesha mhandisi sehemu ya msimbo iliyokuwa ikitekelezwa wakati kivinjari kilipoanguka.

Baada ya hapo tafuta kama kuna aliyekutangulia. Ukikuta taarifa inayofanana na yako, ongeza ulichokigundua humo humo, wala usifungue nyingine, kwa maana taarifa kumi za kosa moja huwapotezea muda wale wale unaowaomba wakusaidie. Usipoikuta, andika yako. Taja toleo la kivinjari na la mfumo wa kompyuta, orodhesha hatua kwa namba kuanzia kivinjari kilipofunguliwa, sema ulitarajia nini kitokee, kisha sema kilichotokea. Shikilia kosa moja katika taarifa moja. Usiongeze dhana yako juu ya chanzo isipokuwa umeitenga wazi na ulichokiona kwa macho, kwa kuwa dhana iliyochanganywa na ushahidi huwapeleka wasomaji mbali.

Kuhusu Kiingereza, naomba usiogope. Taarifa njema ya hitilafu ni sentensi fupi fupi: fungua hiki, bofya kile, kivinjari kinajifunga. Wengi wanaozisoma nao hawakuzaliwa katika Kiingereza.

Kwa kuwa unasomea fani hii, nakupa zoezi la ziada. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, wana zana iitwayo mozregression ambayo hupakua matoleo ya zamani ya Firefox na kukuuliza kila mara kama kosa lipo au halipo. Ukijibu, hugawa katikati muda uliobaki na kujaribu tena. Kwa kugawa hivyo, matoleo 1,000 huhitaji majaribio kumi tu kabla ya kulifikia lile ambalo kosa liliingia. Mwanafunzi anayeweza kusema “kosa hili halikuwapo siku hii, lilikuwapo siku iliyofuata” ameifanya nusu ya kazi ya mhandisi.

Ndugu Mhariri, katika tovuti inayoonyesha matokeo ya mwanangu niligundua kwamba nikibadilisha namba ya mwisho ya anwani naona matokeo ya mtoto mwingine pamoja na simu ya mzazi wake. Nimefikiria kuliweka jambo hili kwenye kundi la WhatsApp la wazazi ili wahusika waone aibu na warekebishe. *Mzazi, Arusha*

Ndugu mzazi, tafadhali usifanye hivyo. Huu ni udhaifu wa kiusalama, nao hauombewi msaada hadharani wala hauripotiwi mahali panaposomwa na kila mtu, kwa sababu kila anayeusoma kabla haujazibwa anaweza kuutumia. Miradi mikubwa imeweka njia ya siri kwa ajili ya jambo hili. Hata mfumo wa Mozilla wa kupokea hitilafu, ambao kwa kawaida u wazi kwa wote, una mahali pa kuweka alama ili taarifa ya usalama isionwe na umma. Udhaifu wa OpenSSL, programu inayotumiwa na tovuti nyingi kulinda mawasiliano, uliopewa jina la Heartbleed ulipotangazwa tarehe 7 Aprili 2014, marekebisho yalitolewa siku hiyo hiyo, kwa kuwa waliougundua walikuwa wamewaarifu wahusika kabla ya kuutangaza.

Acha kujaribu namba nyingine kuanzia leo. Umekwisha kuona cha kutosha, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haitazami kwa upole kuingia katika taarifa usizoruhusiwa. Usinakili matokeo ya mtoto yeyote. Mwandikie mwenye tovuti barua fupi ya faragha, umweleze kwamba anwani inakubali namba ya mwanafunzi mwingine bila kuhakikisha aliyeingia ni nani, na uweke tarehe. Asipojibu kwa muda wa haki, upo TZ-CERT, kitengo cha dharura za kompyuta kilicho chini ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Na kwa kuwa ni taarifa za watoto, ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyotokana na sheria ya mwaka 2022. Wasomaji wa Kenya wanaweza kupeleka jambo la namna hii kwa KE-CIRT, chini ya Mamlaka ya Mawasiliano.

Mhariri, simu yangu nimeiweka Kiswahili. Katika programu moja ya kutumiana ujumbe, nikifuta picha huandikwa “Picha imefutwa”, nami naridhika. Nikifuta ujumbe huandikwa “Ujumbe imefutwa”. Mke wangu ananishauri nirudishe Kiingereza nipumzike. Je, kosa la lugha ni hitilafu? Nimwambie nani? *Msomaji, Mombasa*

Kaka, usirudishe Kiingereza. Hili ulilolikuta ni hitilafu halisi kuliko zote zilizoletwa mezani kwangu mwezi huu, nami nataka nieleze kwa nini.

Makosa ya lugha katika programu ni ya aina mbili, na kila aina ina wenyewe. La kwanza ni neno lililofasiriwa vibaya. Hilo ni la wafasiri, na miradi mingi ina jukwaa ambalo msomaji yeyote anaweza kujiandikisha na kupendekeza neno bora: Mozilla wana Pontoon, na LibreOffice hutumia Weblate. Kazi hii ina historia kwetu, kwa kuwa mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Majina ya siku na miezi, na namna ya kuandika tarehe, mara nyingi hutoka kwingine, katika hazina ya pamoja iitwayo CLDR ya shirika la Unicode, inayotumiwa na Apple, Google na Microsoft. Hazina hiyo ina Kiswahili cha Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo. Kosa lililomo humo hutokeza katika simu nyingi kwa mpigo, basi ni heri kuliripoti huko mara moja kuliko kuhangaika na kila programu.

Lako ni la aina ya pili. Tazama: “imefutwa” ni sahihi kwa picha na ni kosa kwa ujumbe. Hii ina maana kwamba mtengenezaji hakumpa mfasiri sentensi nzima. Alimpa jina peke yake na kitenzi peke yake, halafu programu ikaviunga, kwa sababu katika Kiingereza neno lile lile hufaa kwa picha, ujumbe, faili na mtu. Kwetu kitenzi hufuata ngeli. Mfasiri aliyepewa kipande kimoja alilazimika kuchagua umbo moja, na umbo lolote ambalo angelichagua lingekuwa kosa mahali fulani. Hakuna mfasiri, hata awe bingwa, anayeweza kulirekebisha. Marekebisho yako katika msimbo, kwa hiyo taarifa iende kwa watengenezaji, nayo iandikwe kama hitilafu.

Unapoiandika, kumbuka kwamba atakayeisoma huenda hajawahi kusikia habari za ngeli. Ukimwambia kwamba Kiswahili chake ni kibovu, ataipeleka taarifa kwa wafasiri na hapo itafia. Mpe mifano michache, kila jina na umbo lake sahihi: picha imefutwa, ujumbe umefutwa, faili limefutwa, kikundi kimefutwa, mtumiaji amefutwa. Mweleze kwamba mwanzo wa kitenzi hubadilika kulingana na jina, na umwombe kila ujumbe wa aina hii utolewe kwa wafasiri ukiwa sentensi kamili. Ambatisha picha mbili za skrini, ya ujumbe na ya picha, utaje toleo la programu, kisha ujitolee kuyapitia maneno mapya kabla hayajatolewa, kwa maana inawezekana kabisa kwamba katika ofisi nzima ya programu hiyo hakuna mtu wa kuzisoma sentensi hizo isipokuwa wewe.